SIKU MOJA, MAMBO MENGI
Somo kwa wasomaji, walimu na wainjilisti

Somo letu la mwezi huu ni juu ya jambo ambalo kila mwenye kalenda ukutani amepata kuliona. Mwaka una siku 365 tu, na mwaka mrefu una 366. Walakini mambo yaliyotendeka duniani hayahesabiki. Kwa hiyo hayana budi kugawana siku, kama watu wengi wa nyumba moja wagawanavyo vyumba vichache.

Basi mtu akiona ya kwamba mambo mawili makubwa yalitendeka tarehe moja katika miaka mbalimbali, hushangaa na kuuliza: Je, siku hii ina nini? Hapa Goba swali hili huulizwa kwa namna nyingi. Zamani Goba ilikuwa kijiji cha mashamba katika upande wa Kinondoni. Sasa imo katika wilaya ya Ubungo, na nyumba zimepanda vilima vyake. Wenyeji Wazaramo wamepata majirani kutoka Kilimanjaro, Upare, Bukoba, Iringa na Mbeya, na kila mmoja amekuja na siku zake, za furaha na za msiba. Huyu asema siku fulani ni ya heri. Yule asema siku iyo hiyo ni ya mkosi, asifunge safari wala asiweke arusi. Yafaa tuwe na njia ya kupima maneno hayo.

Njia yenyewe ni fupi. Tarehe hukutana kwa namna mbili: kwa kukusudiwa, na kwa kutukia tu. Kila tuonapo mambo mawili ya siku moja, tuulize kwanza: Ni nani aliyeiweka siku hii? Kama yuko mtu aliyeiweka, tumuulize sababu yake. Kama hayuko, tusiitafute sababu isiyokuwapo.

1. Siku zilizokusudiwa

Tuanze na siku ambayo kila mtoto wa shule huijua. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipata uhuru. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa Waziri Mkuu, lakini mkuu wa nchi alikuwa bado Malkia Elizabeth wa Uingereza, na Gavana Jenerali Richard Turnbull alisimama mahali pake. Mwaka mmoja kamili ukapita. Tarehe 9 Desemba 1962 Tanganyika ikawa Jamhuri, na Mwalimu Nyerere akawa Rais wa kwanza. Je, siku hizi mbili zilikutana zenyewe? Hasha. Jamhuri ingaliweza kuanza siku nyingine yo yote. Wenye nchi waliiweka juu ya siku ya uhuru kwa makusudi, ili watu waone ya kuwa hatua ya pili yatimiza ile ya kwanza.

Tena majirani zetu walifanya vivyo hivyo. Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962; na tarehe 9 Oktoba 1963 Mutesa wa Pili, Kabaka wa Buganda, akawa Rais wake wa kwanza. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Na tarehe 12 Desemba 1964 ikawa Jamhuri chini ya Jomo Kenyatta. Asiyejua habari hizi angeweza kusema, “Tazama ajabu! Nchi tatu, na kila nchi siku yake yarudi baada ya mwaka mmoja.” Lakini si ajabu. Ni kazi ya watu waliokaa pamoja wakashauriana na kuchagua.

Mtu achaguapo siku ya zamani kwa jambo lake jipya, atwaa mzigo. Ni kama amesema mbele ya wote, “Nipimeni kwa kipimo cha siku hii.” Kila mwaka siku ile irudipo, watu wana haki ya kuuliza kama lililoahidiwa mara ya kwanza limetendeka. Siku iliyokusudiwa, basi, ni ahadi. Nayo yatazamwa kama ahadi itazamwavyo.

2. Siku zilizotukia

Sasa tutazame siku nyingine, ambayo katika nchi zetu ni nzito. Tarehe 7 Aprili 1972 Mzee Abeid Amani Karume, Rais wa Zanzibar, aliuawa kwa risasi huko Kisiwandui. Mpaka leo tarehe hiyo ni siku ya kumkumbuka. Tena tarehe 7 Aprili 1994 ndiyo siku inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Jioni ya tarehe 6 ndege iliyowachukua Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi ilitunguliwa karibu na Kigali. Walikuwa wakirudi kutoka mkutano uliofanyika hapa Dar es Salaam. Usiku ule ule mauaji yakaanza, na katika muda wa siku mia hivi watu laki nane au zaidi wakauawa, wengi wao Watutsi.

Hapo ndipo wengine husema, “Mnaona? Tarehe saba ya mwezi wa nne ina damu.” Ndugu zetu, tusikubali neno hili upesi. Tuulize swali letu: Ni nani aliyeiweka siku? Waliomwua Mzee Karume hawakujua habari za mwaka 1994. Na walioua katika Rwanda hawakuitazama Zanzibar. Hapana uzi wo wote uliofunga mambo haya mawili. Yalitukia tu tarehe moja.

Tena kuna ushahidi mwingine. Tarehe 7 Aprili 1948 Katiba ya Shirika la Afya Duniani ilianza kutumika, na kwa ajili hiyo kila mwaka tarehe hiyo ni Siku ya Afya Duniani. Shirika hilo ndilo lililoongoza kazi ya kuufuta ugonjwa wa ndui, uliowaua watu wengi mno katika vizazi vya babu zetu. Mgonjwa wa mwisho aliyeupata kwa njia ya kawaida alionekana Somalia mwaka 1977, na mwaka 1980 ikatangazwa ya kuwa ndui imekwisha duniani. Basi, kama siku ingekuwa na tabia yake yenyewe, tarehe 7 Aprili tungeiitaje? Ya kuua au ya kuponya? Ukweli ni kwamba haina moja wala lingine. Walioua waliua, na walioponya waliponya. Hatia na sifa ni za watu. Siku haina mikono.

Neno hili si la mzaha. Mtu akisema, “Siku ndiyo mbaya,” amemwondolea muuaji hatia yake na kuiweka juu ya kalenda. Tena amemfungulia mlango mpiga ramli, atakayempa siku za heri na siku za mkosi kwa fedha. Mama mjamzito akiambiwa asiende hospitali leo kwa sababu tarehe ni ya mkosi, uchungu hautaingoja kesho. Mgonjwa aliyepangiwa siku ya kupasuliwa akiikimbia, ugonjwa hautakimbia pamoja naye. Ndiyo sababu twaona yafaa walimu walifundishe jambo hili waziwazi.

3. Siku moja yenye namna zote mbili

Kuna siku moja ambayo mwalimu aweza kuitumia kufundisha namna zote mbili pamoja, nayo ni tarehe 25 Juni.

Sisi Walutheri twaijua kwa ajili ya Ungamo la Augsburg. Tarehe 25 Juni 1530 ungamo hilo lilisomwa kwa sauti, kwa Kijerumani, mbele ya Kaisari Karl wa Tano katika mji wa Augsburg. Aliyelisoma ni Christian Beyer, naye alisoma muda wa saa mbili hivi. Martin Luther mwenyewe hakuwapo. Alikaa katika ngome ya Coburg, kwa kuwa alikuwa chini ya hukumu ya kufukuzwa. Baadaye Walutheri walipokusanya maandiko yao ya imani katika kitabu kimoja, Kitabu cha Makubaliano, kilitolewa Dresden tarehe 25 Juni 1580. Hesabu miaka: ni hamsini kamili. Siku hiyo iliwekwa kwa makusudi.

Sasa tuvuke miaka mingi, tuje mjini kwetu. Tarehe 25 Juni 1962 vyama vitatu vya watu wa Msumbiji waliokuwa nje ya nchi yao viliungana hapa Dar es Salaam kuwa chama kimoja, ndicho FRELIMO. Eduardo Mondlane akachaguliwa kuwa rais wake. Hakuiona nchi yake ikiwa huru, kwa kuwa tarehe 3 Februari 1969 aliuawa kwa bomu papa hapa Dar es Salaam. Wenzake waliendelea, na uhuru wa Msumbiji ulipokaribia, walichagua siku. Msumbiji ikawa nchi huru tarehe 25 Juni 1975, miaka 13 kamili tangu siku ile ya Dar es Salaam, na Samora Machel akawa Rais wa kwanza. Hii nayo ilikusudiwa.

Basi tuna jozi mbili katika tarehe moja: 1530 na 1580, kisha 1962 na 1975. Kila jozi imefungwa na mikono ya watu. Lakini kati ya jozi ya kwanza na jozi ya pili hapana kifungo. Wapigania uhuru wa Msumbiji hawakukusanyika kwa ajili ya Augsburg. Tena tarehe 25 Juni 1950 vita vya Korea vilianza, navyo havina neno na Augsburg wala Dar es Salaam. Mwalimu akiandika miaka hii mitano ubaoni na kuwaambia wanafunzi wachore mstari kati ya yale yaliyofungwa na watu tu, somo lote litaonekana kwa macho.

4. Kwa nini kukutana si ajabu

Labda mtu atasema, “Lakini siku ni 365! Itawezekanaje mambo makubwa yakutane mara nyingi hivi?” Hesabu yatusaidia.

Chukua watu 23 walioketi katika mabenchi ya kanisa. Je, waweza kupatikana wawili waliozaliwa tarehe moja? Wengi hudhani ni vigumu, kwa kuwa 23 ni wachache mbele ya 365. Walakini tusihesabu watu, tuhesabu jozi. Mtu wa kwanza aweza kulinganishwa na wenzake 22. Wa pili na 21 waliobaki. Na kuendelea hivi hata mwisho. Ukijumlisha utapata jozi 253. Kila jozi ni nafasi moja ya kukutana. Wenye elimu ya hesabu wamepima, nao wameona ya kuwa katika watu 23 nafasi ya kupata wawili wa tarehe moja yapita nusu kidogo. Watu wakiwa 57, nafasi hiyo yafika 99 katika 100.

Kama ni hivyo kwa watu 57, itakuwaje kwa vita, mikataba, vifo na sherehe za dunia nzima kwa miaka mia tano? Kila ukurasa wa kalenda umejaa. Ajabu ingekuwa kuona ukurasa mtupu.

Jambo hili mwaweza kulijaribu wenyewe. Twaeni majina 23 ya kwanza katika daftari la ubatizo, mtazame siku zao za kuzaliwa. Msipowapata wawili, msikate tamaa. Twaeni 23 wengine. Lakini jihadharini na tarehe 1 Januari. Wazee wengi walizaliwa kabla ya hati kuenea, waliijua siku yao kwa kusema “mwaka wa njaa” au “mwaka wa nzige.” Karani alipotaka tarehe, mara nyingi iliandikwa 1 Januari. Hao hawakukutana kwa kuzaliwa. Wamekutanishwa na kalamu.

5. Kuihakikisha tarehe

Kabla ya kusema, “Mambo haya ni ya siku moja,” hatuna budi kuhakikisha kama ni siku moja kweli. Kuna mambo matatu ya kuangalia.

La kwanza ni mwanzo wa siku. Serikali huhesabu siku tangu saa sita ya usiku. Lakini watu wa pwani tangu zamani huianza siku jua lichwapo. Usiku hutangulia, na mchana wake hufuata. Tarehe 9 Desemba 1961 ilikuwa Jumamosi. Waliokusanyika usiku ule Dar es Salaam kungoja bendera mpya ipande saa sita walikuwa bado katika Ijumaa kwa hesabu ya serikali. Lakini kwa hesabu ya pwani walikuwa wamekwisha kuingia usiku wa Jumamosi. Kadhalika ndege ile ya Kigali ilianguka baada ya saa mbili ya usiku, Jumatano tarehe 6. Kwa hesabu ya pwani, usiku huo ni wa Alhamisi, tarehe 7. Kwa hiyo mzee akitaja usiku, mwulizeni: Usiku wa kuamkia siku gani?

La pili ni kalenda yenyewe. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi wa angani, nao una siku 354 au 355. Kwa hiyo sikukuu zake hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka katika kalenda ya kiserikali. Mwaka wa Nairuzi, ambao wavuvi na wakulima wa pwani waliuhesabu kwa miongo ya siku kumi-kumi, hufuata jua. Sikukuu yake bado huonekana Makunduchi, Unguja, mwezi wa Julai. Hata kalenda ya Wakristo ilipata kubadilishwa. Mwaka 1582 Papa Gregorio wa Kumi na Tatu aliisahihisha kalenda ya Kaisari Julius, na katika nchi zilizomfuata, siku iliyofuata 4 Oktoba ikaitwa 15 Oktoba. Nchi za Kilutheri za Ujerumani zilikataa mpaka mwaka 1700, na Uingereza mpaka mwaka 1752.

Kwa ajili hiyo watu wengi wamedanganyika. Husemwa ya kuwa Shakespeare wa Uingereza, ambaye habari zake za Juliasi Kaizari zilitafsiriwa na Mwalimu Nyerere, alikufa siku moja na Cervantes wa Hispania, tarehe 23 Aprili 1616. Lakini Uingereza ilitumia kalenda ya kale, na Hispania ile mpya. Tarehe 23 ya Uingereza ilikuja siku kumi baada ya tarehe 23 ya Hispania. Namba ni moja, siku ni mbili.

La tatu ni siku ya jambo na siku ya habari. Tarehe 11 Novemba 1918 vita kuu vilikoma Ulaya. Lakini katika nchi ambayo sasa ni Zambia, Jenerali von Lettow-Vorbeck na askari wake hawakujua. Habari iliwafikia siku mbili tatu baadaye, nao waliweka silaha chini tarehe 25 Novemba, huko Abercorn, mji uitwao leo Mbala. Wapagazi waliobeba mizigo katika siku hizo za katikati walikuwa bado vitani, ingawa kalenda ya Ulaya ilikuwa imekwisha kuandika neno amani. Basi tuandikapo tarehe, tuseme pia ni tarehe ya mahali gani.

6. Tufanye nini?

Twawashauri walimu wa Goba na wa mitaa mingine waanzishe daftari dogo lenye safu tatu. Katika safu ya kwanza iandikwe siku na mwaka. Katika ya pili, lililotendeka. Katika ya tatu, aliyeiweka siku hiyo na sababu yake. Mambo ya nchi yaandikwe, na ya mtaa pia: siku jengo lilipowekwa jiwe la msingi, siku mafuriko yalipokata njia, siku shule ilipofunguliwa. Penye kutukia tu, safu ya tatu iachwe tupu. Nafasi hiyo tupu yafundisha sana, maana itamkumbusha msomaji asiijaze kwa hofu.

Na wewe uliyefiwa siku ambayo jirani yako afurahia ubatizo wa mtoto wake, usimwonee uchungu, wala yeye asikusahau. Siku ni moja, nanyi mmeigawana. Mwendee asubuhi kumpa heri, naye aje jioni kuketi pamoja nawe. Hilo nalo ni jambo la kukusudia, na kalenda haiwezi kulifanya kwa niaba yenu.

Maswali ya kujibu

1. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967. Tarehe 5 Februari 1977 TANU na Afro-Shirazi ziliungana kuwa Chama cha Mapinduzi. Je, siku hizi zilikutana kwa kukusudiwa au kwa kutukia? Eleza kwa nini.
2. Yuri Gagarin, mtu wa kwanza kufika anga za juu, aliruka tarehe 12 Aprili 1961. Waziri Mkuu Edward Sokoine alifariki katika ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984. Utaandika nini katika safu ya tatu?
3. Mtoto amezaliwa Jumapili saa tatu ya usiku. Serikali itaandika siku gani? Bibi yake wa pwani ataitaja siku gani?
4. Mtu akikuambia usimpeleke mgonjwa hospitali kwa kuwa tarehe ni ya mkosi, utamjibu kwa maneno gani?